Sufi ya Karakana

Upondo uligonga tawi, tawi likatikisika, na hakikuanguka kitu. Bibi Mito akasogelea mti wa pili, akagonga tena. Chini alikuwa ametandika shuka lake jeupe kama kila msimu, na juu ya shuka palikuwa na majani mawili makavu na mdudu aliyepotea njia.

"Hata tunda moja?" aliuliza. "Misufi yote hii?"

Mlinzi wa karakana, ambaye mtaa mzima ulimwita Kimya kwa sababu hakuwahi kunyamaza, safari hii alikuwa kimya kweli.

Karakana ile ya treni ilifungwa zamani. Mume wa Bibi Mito alikuwa fundi wa breki humo, enzi ambazo king'ora cha saa sita ndicho kilichowaambia wanawake waepue vyungu. Treni zilipokoma, watu waliondoka na kila kilichobebeka, na wengine wakaingia bila kuomba ruhusa: nyasi kati ya reli, vipepeo, kenge kwenye shimo la kukagulia mabehewa. Misufi miwili ya ukutani ilizaa mingine mpaka pakawa na msitu katikati ya mji. Jua likiwaka, ubaridi kidogo uliofika madirishani mwa mtaa ulitoka humo.

Wanawe wote walianza kulala juu ya mito ya sufi ya hapa, pamba nyepesi ya ndani ya matunda. Mumewe aliiokota wakati wa mapumziko, akirudi nyumbani na kichwa cheupe, watoto wakimpokea mlangoni kwa shikamoo babu. Yeye mke alichambua mbegu na kushona, mpaka mtaa ukamwita Bibi Mito. Aliipenda miaka ile kuliko alivyowahi kumwambia mumewe. Sasa kitinda mimba wake alikuwa karibu kujifungua, na jana tu alimwambia, "Mama, wa kwangu asije akalalia sponji. Nataka mto kama wetu."

"Maua yalikuwepo," Kimya alisema mwishowe. "Yalichanua vizuri tu. Ila hawakuja."

"Akina nani?"

"Popo. Miaka yote nawaona wanaingiza pua kwenye maua, mti huu, mti ule, wanatoka na unga usoni. Mwaka huu maua yamedondoka vilevile, bila kushika tunda."

Bibi Mito aliliangalia dirisha kubwa la karakana. Lilikuwa limezibwa kwa bati, na aliyetaka lizibwe ni yeye. Msimu uliopita popo walimnyea shuka zima la sufi safi. Akapandwa na hasira, akamkalia Kimya kooni mpaka akafukiza moshi wa pilipili ndani na kupigilia bati. Kundi zima likahama jioni ile, na yeye akapiga makofi.

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie wewe, mama? Siku ile ulikuwa umeshika upondo."

Alicheka, na katikati ya kicheko machozi yakamlengalenga. Mumewe alikuwa akiwaita popo wale wafanyakazi wa zamu ya usiku. Siku zote alidhani ni utani.

"Lete nyundo," alisema.

"Wakirudi watakunyea tena."

"Waninyee."

Bati liling'oka kwa kelele, na ndani ya dirisha pakabaki giza tupu.

Nyumbani alifumua mto wa marehemu mumewe. Ndio wa kwanza aliowahi kuushona, angali bibi harusi asiyejua kuchambua, na mbegu zilikuwa zimejaa tele. Mumewe aliulalia mpaka mwisho wa maisha yake, akisema anapenda unavyomkuna. Alizitoa mbegu moja moja, akilia bila kujificha, maana hapakuwa na mtu. Sufi ikatosha mto mmoja mdogo.

Mjukuu alizaliwa, akaulalia. Na kila jioni Bibi Mito alikwenda kutandika shuka jeupe chini ya misufi.

"Hakuna cha kuanguka, mama," Kimya alimwambia. Kisha akazoea, akawa anamsaidia kushika pembe.

Kila asubuhi shuka lilikuwa jeupe. Alilikung'uta umande, akalikunja, akaenda kumwogesha mjukuu.

Asubuhi moja alifika akakuta doa. Moja tu, bichi, lenye mbegu ya mpera katikati. Bibi Mito alipiga magoti akalitazama kwa karibu, kisha akainua uso taratibu kuelekea dirishani.