Siku Mama Mkwe Alipoosha Injini

Mume wangu ni kinyozi. Kazi yake ni kuondoa, na gari letu lilipokufa aliona dawa ni moja tu: liondoke.

Lilichemka njiani, likatoa moshi mweupe, na nilipochomoa kijiti cha kupimia oili nikakuta oili imekuwa rangi ya chai ya maziwa. Mafundi wakasema gasketi ya hedi, ile inayotenga maji na oili ndani ya injini, imekwenda na injini ni ya kizamani, tusijisumbue. Basi bwana huyo, bila kuniuliza, akaongea na mnunuzi wa vyuma chakavu aje Jumamosi adhuhuri.

Bila kuniuliza! Gari linalobeba mapazia na sare ninazoshona! Likiondoka, narudi kubeba marobota kichwani, na wateja wangu wa mbali, ambao ndio wanaonilisha, ndiyo kwaheri.

"Na likiwaka kabla hajafika?" nikamuuliza.

"Likiwaka libaki," akasema huku akicheka. "Lakini wewe ni mtu wa sindano, mama, si wa spana."

Hapo ndipo aliponipandisha mori. Nguo ngapi nimefumua nikazirudisha zikiwa nzuri kuliko mwanzo? Nikanunua gasketi, nikatazama video simuni mpaka yule mzee wa kwenye video nikamwona kama mjomba wangu, nikaanza. Niliifungua injini pale uani, kila bolti nikaipanga juu ya shuka kuukuu kwa mpangilio ilivyotoka. Na niseme kweli: nilifurahi kupita kiasi. Mikono nyeusi, kucha zimekatika, nami naimba.

Jumamosi asubuhi hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ilikuwa imerudi mahali pake juu ya gasketi mpya. Nikakaza bolti kwa spana maalumu ya jirani yetu mchomeleaji, ile inayolia "ka!" bolti ikitosheka. Ukabaki mkanda wa meno unaounganisha puli ya juu na ya chini. Hapo hapana mchezo. Puli mbili hizo lazima zianze pamoja. Ukikosea meno machache tu, vali zinagongana na pistoni, injini inavunjika ndani, na gari linakuwa chakavu kweli.

Mzee wa kwenye video alisema kiwandani huweka alama. Mimi sikuziona, palikuwa na uchafu mgumu kama lami. Kwa hiyo kabla sijafungua kitu nilichora alama zangu kwa chaki ya kukatia vitambaa, mstari kwenye kila puli na mwingine kwenye mwili wa injini. Nikajiona mjanja.

Nikaenda kurudisha spana. Mchomeleaji akataka kusimuliwa kila bolti, nami sikujivunga. Niliporudi, mama mkwe, tunayeishi naye, amechutama mbele ya gari na beseni, brashi na sabuni ya unga. Injini inang'aa.

"Shikamoo, Mama," nikasema. "Unafanya nini?"

"Marahaba, mwanangu. Si mgeni anakuja kuchukua vyuma? Nimeona unamfungulia, nikasema vitoke kwetu vikiwa safi. Watu wasije wakasema."

Chaki ilikuwa imeondoka yote, hata vumbi lake halipo. Nilitaka kupiga yowe, lakini mama mkwe hapigiwi yowe. Nikakaa chini kwenye maji ya sabuni. Ningefunga mkanda kwa kubahatisha?

"Mama, simfungulii mtu," nikamwambia. "Natengeneza. Gari hili ndilo kazi yangu."

Brashi ikamwanguka. "Na huyu mumeo aliniambia linauzwa! Nisamehe, mwanangu. Nimekuharibia?" Akasogea karibu, akanyoosha kidole kwenye puli ya juu. "Tena kusafisha kwenyewe sijamaliza. Hebu ona haka kadoa, nimekasugua mpaka kidole kimeuma, kamekataa kutoka. Na chini hivyo hivyo."

Nikainama. Hakikuwa kidoa. Kilikuwa kitundu kidogo kilichogongwa kwenye chuma, na juu yake, kwenye hedi, mshale. Alama za kiwandani! Nilimkumbatia mama mkwe na oili yangu yote, gauni lake likaharibika, akacheka kwa kelele kuliko mimi.

Tukafanya kazi kama watu waliochanganyikiwa. Yeye aliangalia vidoa akinielekeza, "Bado, bado, hapo hapo!" mimi nikizungusha puli, ya juu kisha ya chini. Mkanda ukaingia. Nikaizungusha injini taratibu kwa spana, mzunguko mzima na mwingine, masikio yamesimama. Hakuna kilichogonga, na vidoa vikarudi vikatazamana na mishale. Tukaikausha kwa matambara, tukatia oili, tukatia maji.

Tukasikia lori likisimama nje. Mume wangu akaingia getini na mnunuzi, ambaye tayari alikuwa na mnyororo begani.

Nikakaa kwenye usukani. Nikawasha. Ikakohoa, ikanyamaza. Nikawasha tena, ikajikokota, ikapiga chafya, ikashika! Ikanguruma, kisha ikatulia ikaunguruma kwa upole, na moshi haukuwa mweupe. Mama mkwe akapiga vigelegele mpaka mchomeleaji akachungulia juu ya ukuta.

Mnunuzi akamgeukia mume wangu. "Bwana, si ulisema limekufa? Nalichukua au vipi?"

Nilikuwa nimeandaa maneno makali tangu alipotaka kuliuza. Nikamtazama, nikimsubiri aanze tu.

Mume wangu alikuja mpaka kwenye boneti, akaweka kiganja juu yake, akakiacha pale kikitetemeka pamoja na injini.

"Mimi usiniulize tena," akasema, akaninyooshea mkono. "Muulize mwenye gari."

Yale maneno makali nikayaacha. Nikamtikisia mnunuzi kichwa, kwamba haliuzwi, huku nacheka na machozi yananitoka, mguu wangu bado uko kwenye pedali ya mafuta.