Orofa ya Kumi na Nne

Wiki ya tatu tangu aanze masomo ya jioni, Wavinya alikuwa amewachosha watu wote waliomjua. Alikuwa msusi katika Soko la Kenyatta, na wateja walimpenda kwa sababu ya vidole vyepesi na mdomo mzito. Sasa mdomo nao ulikuwa umepata wepesi. Mteja akichelewa na wasusi wenzake wakaanza kumsema kwamba ana madharau, Wavinya aliinua kitana na kuwaonya wasikimbilie kulaumu tabia ya mtu kabla ya kujua yaliyompata njiani. Moshi wa nyama choma ukiingia saluni na mtu akameza mate, alimsimulia habari za mbwa wa Urusi aliyefunzwa mpaka akawa anadondokwa na mate kwa kusikia kengele tu. Nyumbani Kawangware alimmwagia sifa dada yake Kanyiva kila alipoosha kikombe, ati tendo likisifiwa hurudiwa, hadi Kanyiva akamuuliza, "Wewe unaumwa, ama unataka kuniomba nguo?"

Masomo yenyewe yalikuwa ya saikolojia, hatua ya kwanza kabisa, katika chuo kidogo cha River Road kilichokuwa juu ya duka la misumari na rangi. Mwalimu aliitwa Norman Kiarie, mtu mrefu, mpole, aliyefundisha shule za upili miaka mingi kabla ya kuja hapo. Alhamisi moja alilifunga daftari lake mapema akasema, "Haya mambo yakibaki ubaoni hayana kazi. Chagueni moja, mlitumie kwa maisha ya kawaida, na mniletee ripoti baada ya wiki tatu. Andikeni yaliyofaulu na yaliyoharibika."

Wavinya alitembea hadi stejini kupanda matatu, haraka kama mtu aliyeitwa kazini. Hakujua bado atafanya nini. Jibu lilimfuata kesho yake saa nne asubuhi.

Safu mbili kutoka saluni palikuwa na kibanda cha ushonaji cha Anti Nzula, dada mkubwa wa mama yake. Anti alikuwa na cherehani tatu na mikono iliyosifika mpaka Lavington, na siku hiyo alikuwa amekaa mbele ya cherehani iliyozimwa, barua ikiwa mapajani. Wavinya aliichukua, akaisoma mara mbili. Kampuni ya hoteli ilitaka kuwashonea sare mpya wapishi na wahudumu wake. Washonaji watano walikuwa wameteuliwa kuja na sampuli, Jumatatu ya tarehe ishirini na nne, saa tatu asubuhi. Mwenye biashara aje mwenyewe.

"Anti, hii ndiyo ile kitu umekuwa ukingoja," Wavinya alisema.

"Soma chini. Soma mahali ofisi iko."

Ofisi ilikuwa katikati ya jiji, orofa ya kumi na nne.

Hapo Wavinya akaelewa. Miaka mitatu nyuma, ule mwaka ukame ulipoleta mgao wa stima, Anti Nzula alikuwa amepeleka mapazia katika jengo moja mjini, na umeme ukakatika akiwa ndani ya lifti. Alikaa humo gizani saa mbili na nusu, yeye na mwanamume mmoja aliyekuwa akilia. Tangu siku hiyo hakukanyaga lifti. Hata chooni aliuacha mlango wazi kidogo, na watu wa kwake walizoea kukohoa kabla ya kukaribia. Kupanda ngazi hadi juu kulikuwa kazi bure, maana goti lake la kulia lilivimba kwa orofa tatu tu.

"Nitawaandikia niseme niko mgonjwa," Anti alisema. "Wewe endelea na nywele za watu."

"Nipe jioni moja," Wavinya akamjibu.

Jumanne ilipofika alimvamia Mwalimu Kiarie kabla hajavua koti. Mwalimu alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamweleza taratibu. Kila mara Anti anapoikwepa lifti anapata nafuu, na ile nafuu ndiyo inayomfundisha kuendelea kuikwepa. Dawa ni kuisogelea hofu kidogo kidogo, kukaa nayo hapo hapo mpaka ishuke yenyewe, ndipo kusonga hatua nyingine. "Lakini yeye ndiye anayeshika usukani," aliongeza. "Hilo usilisahau."

Wavinya aliandika yote, hilo la mwisho akaliandika kwa haraka.

Kesho yake walikaa kibandani na karatasi ya kukatia patani za nguo, Anti akazipanga hofu zake kwa namba. Kuitazama lifti kwa mbali ni tatu. Kusimama mlangoni ni tano. Kuingia mlango ukiwa wazi ni saba. Mlango ukijifunga ni tisa. Kupanda hadi juu kabisa aliipa kumi na tano, ingawa Wavinya alimwambia hesabu inaishia kumi.

"Hesabu ni yako," Anti alisema, "lakini hofu ni yangu."

Walikwenda kwenye jengo lenyewe, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya wafanyakazi kujaa na kabla ya soko kufunguliwa. Soja wa mlangoni aliitwa Muthama. Aliwatazama kwa shaka mpaka Anti alipomsalimia Kikamba na kumweleza shida yake bila kuficha. Muthama akakuna kidevu. "Mama, hata mimi nikiwa mgeni hapa niliiogopa," akasema. "Ingieni, ila saa moja na nusu muwe mmetoka."

Asubuhi ya kwanza walisimama tu kando ya meza ya Muthama, wakiitazama milango ya chuma ikifunguka na kujifunga. Anti alikuwa ameushika mkoba kana kwamba kuna mtu anauvuta. Baada ya dakika ishirini vidole vyake vililegea. "Ni mbili sasa," alisema, mwenyewe akishangaa. Wavinya alitamani kuruka. Kitu alichokiona kwenye ubao wa River Road, ule mstari wa hofu unaopanda halafu unashuka, kilikuwa kimetokea mbele ya macho yake, kwenye uso wa anti yake mwenyewe.

Asubuhi ya pili Anti alisimama mlangoni. Ya tatu akaweka mguu ndani, akautoa, akauweka tena, Muthama akiwa amezuia mlango kwa bega. Ya nne mlango ulijifunga. Walikwenda orofa moja tu, Anti akiwa amefumba macho na kutaja majina ya ndugu zake wote kwa mpangilio wa kuzaliwa, na mlango ulipofunguka akatoka akicheka na machozi yakimtiririka. Walirudia mara sita. Siku hiyo Wavinya alimsuka mteja nywele akiimba, na kwa mara ya kwanza hakumfundisha mtu yeyote kitu chochote.

Kosa alilifanya asubuhi ya tano. Walikuwa wamekubaliana orofa ya tatu. Anti aliingia mwenyewe, ametulia kabisa, na Wavinya alipoona utulivu ule akapandwa na furaha, akaiona ripoti yake imekamilika, akamwona mwalimu akilisomea darasa zima. Mkono wake ukaenda kwenye kibonyezo cha orofa ya tisa.

Anti aliiona taa ya tatu ikipita. Akaona ya nne. "Imekataa kusimama," alisema, sauti ikiwa ndogo kabisa.

"Haijakataa, anti. Tunaenda tisa. Utaweza."

Hakuweza. Aliporomoka kwenye kona, akaupiga ukuta kwa viganja, na mlango ulipofunguka alitambaa nje kwa magoti, lile bovu na lile zima. Alikataa katakata kurudi ndani. Aliteremka orofa tisa kwa ngazi, kando kando, akishikilia ukuta, na Wavinya akimfuata nyuma. Pale chini Anti alijipangusa sketi, akamtazama. "Ulijua nimekubali tatu," akasema. Akaenda zake.

Siku tatu hawakuongea. Wavinya alipita mbele ya kibanda na Anti akainamia sindano. Nyakio, fundi aliyefanya kazi na Anti, alimnong'oneza kwamba sampuli zimekatwa lakini hazijaunganishwa. Jioni ya Alhamisi Wavinya alimweleza Mwalimu Kiarie yote, macho yakiwa sakafuni.

"Ile tisa ulimbonyezea nani?" mwalimu aliuliza.

"Niliibonyezea ripoti."

"Basi umeshajua pa kuanzia."

Asubuhi yake alikwenda kibandani kabla hajafungua saluni. Hakutaja saikolojia. Alisema, "Anti, nilikudanganya. Nilitaka kujisifu kwa mgongo wako. Nisamehe. Ukisema tuwaandikie barua, nitaiandika mimi na kuipeleka."

Anti alishona mshono mzima hadi mwisho, akakata uzi kwa meno. Nje watu wa nyama walikuwa wakiwasha makaa. "Unajua kitu kinaniuma?" alisema hatimaye. "Ile orofa ya nne nilikuwa nimefika sawa. Niliihesabu. Hofu ilikuwa sita tu." Akakunja nguo. "Kesho tunarudi. Lakini vibonyezo vyote ni vya kwangu. Wewe mikono yako iweke mfukoni."

Wavinya aliiweka mfukoni. Jumamosi hiyo walikwenda orofa ya kwanza, ya pili, ya kwanza tena, ya tatu, ya tano. Jumapili jengo lilikuwa limefungwa. Jumatatu ikawa imefika, na kumi na nne hawajawahi kuigusa.

Saa mbili na nusu asubuhi jengo halikuwa lile walilolizoea. Watu walijaa ukumbini wakiwa na makoti na magazeti, na lifti moja kati ya mbili ilikuwa ikitengenezwa. Walisogea na foleni hatua kwa hatua, Anti amekumbatia mfuko wa sampuli. Mlango ulipofunguka, umati uliwasukuma. Anti akajikuta ndani, mgongo kwenye kioo, na mwanamume mmoja mnene akaijaza nafasi iliyobaki. Wavinya alinyoosha mkono. Kengele ya uzito ililia. "Imejaa, madam," mtu akasema, na mlango ukajifunga katikati yao.

Wavinya hakufikiri. Aliigeukia ngazi. Orofa ya kwanza hadi ya nne alipanda akiruka mbili mbili, ya tano akavua viatu, ya saba akawa anapumua kwa mluzi. Kuanzia hapo alichungulia kwenye korido ya kila orofa, akihofu kumkuta anti yake amelala sakafuni. Hakumwona. Miguu ilikuwa ya mtu mwingine kabisa alipofika ya kumi na nne, viatu mkononi, nywele zimemwangukia usoni.

Mle mapokezini walikuwa wameketi washonaji wanne na mifuko yao. Anti Nzula hakuwepo.

Saa ya ukutani ilisema tatu kasoro dakika sita. Wavinya alisimama mbele ya lifti, akizitazama namba zikipanda na kushuka. Ilipanda ikasimama ya kumi, ikarudi chini. Ilipanda tena ikasimama ya tano. Hapo ilikaa sana, au yeye ndiye aliyeona imekaa sana. Halafu sita. Nane. Kumi na moja. Alijikuta akizihesabu kwa sauti, na binti wa mapokezi akamtazama kwa huruma.

Mlango ulifunguka. Anti Nzula alikuwa peke yake ndani, kitambaa kimekaa upande, jasho likimtiririka mashavuni, kidole kimoja bado kiko kwenye kibonyezo.

"Nilishuka ya tano," alisema akitoka. "Watu walikuwa wengi, hewa ikaniishia. Nikakaa kwenye korido. Nikasema nikirudi chini sasa, hii kitu itanifuata mpaka kaburini. Nikaacha lifti mbili zipite. Nikapumua. Hofu ilipokuwa nne, nikaingia lifti ya tatu." Akamtazama Wavinya chini mpaka juu. "Na wewe viatu vyako vimekosa nini?"

Wavinya alicheka hadi akakaa sakafuni.

Mahojiano yalichukua dakika arobaini. Kazi yote hakuipata. Magauni ya wahudumu yalikwenda kwa kiwanda. Lakini makoti ya wapishi, mia moja na themanini, walimpa Anti Nzula, kwa sababu meneja aliligeuza koti la sampuli ndani nje na hakuona uzi hata mmoja uliolegea. Anti alitoka akiwa na karatasi iliyotiwa sahihi, akaishika mbele kama mtoto anayebeba maji.

Walishuka kwa lifti, Anti akibonyeza. Barabarani alinyoosha kidole kwenye mnara wa ng'ambo, akauliza, "Lile jumba la mikutano lina orofa ngapi?"

"Ishirini na nane. Anti, Nyakio anangoja. Nina mteja saa tano."

"Angoje," Anti alisema, tayari ameshaanza kuvuka barabara.

Huko juu kabisa upepo ulivuma kwa nguvu na jiji lote lilikuwa miguuni, mabati na miti na bustani mpaka Ngong. Anti aliiomba simu ya Wavinya, akampigia dada yake mdogo, mama yake Wavinya, aliyekuwa karani kule Machakos. "Niko juu ya Nairobi," alimwambia. "Hapana, si kwa ngazi. Kwa lifti. Nakwambia kwa lifti. Muulize huyu msichana wako, alikuwa akinifuata na viatu mkononi." Akaendelea kumweleza yote, orofa kwa orofa. Wavinya alisikia simu ikilia kuashiria kwamba salio limekwisha, akaona kioo kimezima. Hakumwambia. Anti Nzula alikuwa amefika orofa ya saba, sauti juu, mkono wake mmoja ukichora hewani milango inavyojifunga na kufunguka.