Kabati Lenye Wenyewe

Asubuhi mwenye duka alifungua mlango, akawasha taa, akakuta ile mashine mpya ya gemu imetafunwa. Kioo kimechimbwa, vitufe vimenyofolewa, nyaya zimetoka nje kama utumbo. Mashine za gemu za Kampuni zilikaa rafu ya juu ya kabati hilo hilo la kioo, kimya, mbili tatu zikiwa na plastiki katikati ya meno.

Akamwita fundi aliyeiunda. Dada huyo alifika na mdogo wake wa kiume, mtunzi wa magemu yao.

"Ndivyo zilivyo," mwenye duka alisema huku akifagia. "Kabati nimepewa na Kampuni, nazo zinajua lao."

"Si ungeiweka kaunta?"

"Kaunta nayo yao, dada. Hata taa."

Fundi aliokota vitufe vyake sakafuni. Alikuwa ameinamia lehemu mpaka macho yakachuruzika, na mtaa mzima ulinunua gemu hapa tu. Mashine isiyoonekana kabatini humu haikuwepo duniani. Akaunda nyingine, yenye gamba la bati. Ikatafunwa mchana kweupe. Wateja wakasogea kidogo wasichafuke.

"Ya tatu nitaicheza mimi mwenyewe," mdogo wake alisema. "Watu waione inavyokwenda. Haziwezi kumuuma mtu."

Dukani hapo, kwa ajili ya wezi, bidhaa haitoki kabla ya kulipiwa. Anayetaka kujaribu hupenyeza mikono kwenye matundu mawili ya kioo cha kabati. Mdogo mtu akapenyeza yake, akacheza. Alicheza vizuri. Watoto wakajazana, na mmoja akamvuta mama yake nguo: "Mama, hiyo! Hiyo!"

Hapo mashine za Kampuni zikashuka. Zilianza na kidole gumba cha kulia, mfupa ukalia kama muwa. Kikafuata cha kushoto. Akaendelea kucheza kwa vidole vilivyobaki, akipiga kelele, mpaka navyo vikaliwa, na mashine yake ikazimika. Dada yake alimvuta kwa mabega. Damu ilichuruzika kwenye kioo kwa ndani, watoto wakalalamika kwamba hawaoni.

Wakala wa Kampuni alikuja na bandeji.

"Pole, kaka. Lakini mtu akiingia chumbani kwa wenzake bila hodi, wenyewe wafanyeje?"

"Mlisema soko huria," fundi alisema.

"Huria kabisa. Kuna aliyemzuia kuingia?"

"Na afadhali huyu," mwenye duka aliongeza, akikamua tambara. "Yule wa kabla yenu tulizika kiatu."

Fundi alimfunga mdogo wake viganja, bandeji ikaishia kwenye mkono mmoja, wa pili akaufunga kwa mtandio wake. Wakatoka. Nafasi yao kwenye rafu ilikuwa imeshajazwa mashine za Kampuni.

Yule mama alisogea, akakagua kioo kilichokwisha kupanguswa.

"Hizi zinauma?" alimuuliza mwenye duka.

"Zikiwa peke yake haziumi mtu."

Mama akamnyanyua mwanawe, akampenyeza mikono kwenye matundu ajaribu.