Magoli Matatu ya Kushoto

Kwenye kipindi chetu cha michezo hakuna anayesema anachokiamini. Nalitanguliza hili ili mtu asije akasema nilimficha. Kila siku ya kazi, saa tatu kasorobo asubuhi, Profesa anatoa kizibo cha soda mfukoni, anakirusha juu ya meza ya mitambo, na kizibo kinatugawia ubishi wa siku. Kikilala chali, mimi nashtaki, yeye anatetea. Kikilala kifudifudi, tunageuza. Ukishapewa upande hubadili, hata ukilia machozi ya damu. Kwa utaratibu huo nimewahi kudai kocha fulani afukuzwe kabla jua halijazama, na wiki iliyofuata nikadai achongewe sanamu, na siku zote mbili watu walipiga simu kuniambia nina akili sana.

Profesa hajawahi kumfundisha mtu chochote. Jina alipewa na wasikilizaji kwa sababu anapenda kuanza na "utafiti unaonyesha", na utafiti wenyewe ni kinyozi wake. Mimi wananiita Kadi Nyekundu, kwa kuwa msikilizaji asiye na adabu namkatia simu kabla hajamaliza salamu. Miaka sita tumekaa kwenye kile chumba chenye magodoro ukutani, feni moja inayopiga kelele kuliko sisi, na kiti changu kinachoyumba upande mmoja. Tunapendana kama ndugu na hewani tunatukanana kama tumegombea shamba.

Jumapili moja watani wa jadi walikutana, timu ya reli na timu ya soko. Reli walichapwa tatu bila. Kupigwa si kitu, wameshapigwa sana. Tatizo lilikuwa yale magoli yenyewe. La kwanza lilipita pembeni ya kipa naye amesimama kama anasubiri kupigwa picha. La pili vilevile. La tatu lilikuwa aibu: mpira ulikuja mdogo mdogo kama mtu aliyetumwa sukari dukani na hana haraka, ukapita, ukaingia. Kipa akageuka baada ya kusikia kelele.

Kipa huyo ni Gundi, mdogo wangu wa kuzaliwa, baba mmoja mama mmoja. Mji mzima unajua.

Jumatatu asubuhi tulikuta mashabiki wa reli wameshachoma jezi namba moja nje ya geti la klabu. Mada ilijileta yenyewe: Gundi kauza mechi au hajauza? Profesa alishika kizibo, akaniangalia, akakirudisha mfukoni.

"Dada, leo tujadili ubovu wa uwanja," alisema.

"Rusha."

"Yule ni mdogo wako."

"Na hiki ni kizibo. Rusha."

Nilikuwa na sababu ya kujifanya jasiri. Mwezi mmoja nyuma watangazaji wa kituo cha jirani walikataa kumsema refa fulani kwa sababu alikuwa shemeji ya mmoja wao, na mimi niliwakejeli wiki nzima. Niliwaita kamati ya harusi. Sasa ningekimbia vipi? Profesa akarusha. Kizibo kikazunguka, kikagonga kikombe chake cha chai, kikalala chali.

Nikawasha moto. Nilisema kipa wa reli alisimama golini kama mlinzi wa benki aliyekula njama na wezi. Nilisema hata nguo zilizoanikwa kwenye kamba zinajitikisa mpira ukipita karibu. Fundi mitambo alikuwa amelala juu ya vitufe vyake kwa kicheko. Lakini Profesa siku hiyo alikuja amejiandaa. Alisema jua lilikuwa usoni mwa kipa. Alisema mabeki walikuwa wanatembea kama wanatoka msibani. Simu zikaanza kuhamia kwake, moja, mbili, tano. Dereva wa lori akasema Profesa amenifunga mdomo.

Mimi kushindwa hewani siwezi. Ni ugonjwa, na sijatafuta dawa. Nikauvuta mkono wa kipaza sauti karibu na kusema, taratibu kabisa:

"Profesa, ngoja nikuambie usichokijua. Ijumaa tulikuwa mezani kwa mama. Simu ya Gundi ikaita. Akaangalia namba, akatoka kwenda kuongea nyuma ya nyumba. Kwa nini nyuma ya nyumba? Akarudi rangi imemtoka. Chakula hakukigusa tena. Siku mbili baadaye, tatu bila. Nani alipiga ile simu?"

Profesa alifungua kinywa, pasitoke utafiti wowote. Nilishinda. Nilirudi nyumbani nikiimba.

Jumanne mchana Gundi alipewa barua ya kusimamishwa. Kamati ingekaa Alhamisi kumfungia msimu mzima kwa kuuza mechi. Nilikwenda kwa katibu wa klabu mbio mbio, bado nimevaa ndala za nyumbani. Ofisi yake ni chumba kimoja chini ya jukwaa, kina makombe yaliyoota kutu na mpira mmoja usio na upepo.

"Katibu, ule ni ubishi," nilimwambia. "Ni mchezo wa redio. Kizibo kingelala kifudifudi ningemtetea mpaka sauti ikauke."

"Najua, dada. Mimi mwenyewe nakusikiliza kila siku nikinyoa ndevu." Akatoa simu yake, akafungulia sauti yangu ya Jumatatu. Ilianza na mlinzi wa benki, akaisogeza mbele. "Hapa unapiga domo, nacheka. Sasa sikia hapa." Ikafika Ijumaa, meza ya mama, nyuma ya nyumba. "Hapa umeacha utani. Hapa unasema kitu ulichokiona kwa macho yako. Ulikiona au hukukiona?"

"Nilikiona, lakini..."

"Basi. Mtu baki angesema hivyo, ningesema ana chuki. Dada wa tumbo moja hawezi kumsingizia mdogo wake. Wewe ndiye shahidi mzuri kuliko wote tulionao."

Nilitoka pale nikaelekea kwa mama. Uongo wangu wa miaka sita haukuwa umemdhuru mtu. Ukweli mmoja niliouchomeka ili nishinde ubishi ndio uliomkaanga mdogo wangu.

Nilimkuta mama bombani, karibu na nyumba, na foleni ya ndoo imenyamaza ghafla kama darasa mwalimu akiingia. Alijitwika ndoo yake bila kuniangalia. Tulipofika mlangoni ndipo akasema:

"Mimi sijazaa mwizi. Na kama nimezaa, basi si huyo aliye ndani."

Gundi alikuwa kwenye chumba chake cha uani, amelala chali, anajidondoshea dawa jichoni. Hakushtuka. Aliifunga chupa, akaiweka chini ya mto.

"Ijumaa alipiga daktari," alisema kabla sijauliza. "Presha ya macho. Jicho la kushoto limeshaanza kufa tangu mwaka jana, kuanzia pembeni. Mbele naona, nakuona wewe na hizo ndala zako. Pembeni kushoto ni ukuta. Kilichopotea hakirudi. La kulia bado zima, nikiliwahi kwa dawa."

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Wewe?"

Nilikaa chini sakafuni na kulia kwa sauti, mimi ninayewakatia watu simu. Nilimwomba msamaha mara sijui ngapi. Nikamwambia nitakwenda kwa katibu sasa hivi, nitaeleza, barua ya daktari ipo, kesi imekwisha. Alinishika mkono.

"Usiende popote, dada. Niache hivi hivi."

"Uitwe mwizi?"

"Aliyeuza mechi anafungiwa msimu mmoja, anarudi. Wako wangapi? Si unawahoji mwenyewe studio, unawaita wakongwe? Huo msimu nitafanya mazoezi, nitajifunza kugeuza shingo, nitasimama vingine. Lakini kipa asiyeona, nani atamrudisha? Miaka kumi na moja, dada. Sijui kufanya kitu kingine. Niahidi."

Nilimwahidi. Nilimaanisha, tena kwa moyo mweupe. Ahadi ilidumu mpaka asubuhi.

Sitajisafisha. Ningeweza kusema nilifanya kwa ajili ya mama na ile foleni ya bombani, na ni kweli iliniuma. Ningeweza kusema niliogopa Gundi arudi golini na jicho moja, apigwe mpira wa uso. Hilo nalo kweli. Lakini lililonitoa usingizini ni kwamba nilikuwa dada aliyemuuza mdogo wake, na nilitaka kuutua huo mzigo haraka, kwa njia ninayoijua, mbele ya watu wote.

Jumatano Profesa alitoa kizibo. Nikamwambia akirudishe. Taa nyekundu ikawaka.

"Wasikilizaji," nilisema, "leo hakuna upande. Gundi hakuuza mechi. Haoni kushoto. Simu ya Ijumaa ilikuwa ya daktari, na mimi ni mjinga."

Unadhani waliniamini? Simu ya kwanza, fundi baiskeli mmoja, alicheka mpaka akakohoa. "Kadi Nyekundu, juzi umemshtaki, leo umepewa kumtetea, eh? Hongera, hii ya kipofu ni kali." Wa pili akasema nimezidisha chumvi. Wa tatu alitaka kujua kama refa naye alikuwa kipofu. Niliapa, nikaapa tena, na kadiri nilivyoapa ndivyo walivyofurahi. Profesa alivua miwani na kuanza kuifuta kwa shati, jambo analolifanya akikosa la kufanya.

Halafu akapiga yule dereva wa lori. Hakucheka.

"Dada, mimi ile mechi niliirekodi. Nimeegesha hapa naiangalia tena kwenye simu. Goli la kwanza limepita kushoto kwake. La pili kushoto. La tatu, hili la aibu, kushoto." Akairudisha video nyuma. "Na kulia kwake ameokoa mipira minne. Minne ya hatari, mmoja ameutoa kwa kucha. Mtu anayeuza mechi anaokoa ya nini?"

Pale ndipo mji ulipogeuka. Kila mwenye kumbukumbu alipiga simu. Walikumbuka bao la mwezi uliopita, kushoto. Sare ya msimu uliopita, kona ya kushoto. Mwanamke mmoja muuza mitumba alilia hewani, akasema yeye ndiye aliyeleta kiberiti siku ya kuchoma jezi. Kabla ya saa tano katibu alipiga mwenyewe. Kesi imefutwa, alisema. Klabu inampa pole mchezaji wake wa zamani, na itamwandalia mechi ya kumuaga.

Wa zamani. Nililisikia lile neno, nikajifanya sijalisikia.

Profesa alinikumbatia. Fundi mitambo alinipigia makofi nyuma ya kioo. Nikatembea mpaka kwa mama nikiwa mwepesi, nikitabasamu kwa watu nisiowajua, na njia nzima watu walinipa mkono.

Nyumba ilikuwa imejaa. Majirani wale wale wa bombani walikuwa wamekalia kila kiti, na waliokosa wamesimama. Gundi alikuwa kichwani mwa meza, mgongo umenyooka, amevaa shati safi ambalo bila shaka alivalishwa. Jirani wa nyumba ya pili aliinama mbele ya uso wake, akapaza sauti kama anayeita mtu ng'ambo ya barabara:

"GUNDI! NI MIMI! MAMA WA NYUMBA YA PILI!"

"Nakuona, mama," alisema Gundi.

"MASIKINI! ANASEMA ANANIONA!"

Mwingine alikuwa anasogeza stuli njiani asije akajikwaa, ingawa hakuwa anakwenda kokote. Mzee mmoja alieleza habari za binamu yake asiyeona ambaye ni hodari sana wa kusuka vikapu. Kila mtu alikubali kwamba vikapu ni kazi nzuri. Mimi, ambaye kwa kawaida ningewatimua wote kwa sentensi moja, nilisimama mlangoni na mdomo wangu wote.

Mama alinivuta, akanibusu mashavu mawili mbele ya watu. "Umemsafisha ndugu yako," alisema. Kisha akarudi mezani, akaikata nyama ya kwenye sahani ya Gundi vipande vidogo vidogo, kama alivyokuwa akitukatia tukiwa hatuna meno. Akamfunga kitambaa shingoni. Akakichota chakula kwa kijiko, akakiinua.

Gundi aliniangalia kwa juu ya kile kijiko, kwa macho yote mawili, na hakuwa na hasira. Ningefurahi angekuwa nayo.

"Jana nilikuwa mwizi, dada," alisema kwa sauti ndogo, "lakini nilikuwa nakula mwenyewe."

Akafungua kinywa, mama akamlisha.