Nusu Upawa

Jumatatu saa nne asubuhi, mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimfunga Mama Upawa kifaa kwenye mkono wa kulia: glovu, mikanda mitatu, na mota ndogo zilizonguruma kama paka aliyeshiba. Mama Upawa alikuwa mpishi wa shule ya bweni kwa miaka thelathini na moja, hadi kiharusi kilipoulaza mkono huo. Kifaa kilikuwa kimoja kwa wodi nzima. Kiwiko kilishaanza kuitika, ila kifundo cha mkono kiligoma. Kisipocheza kufikia Ijumaa, kifaa kingehamia kwa mgonjwa mwingine.

"Mama, mkono huu ulifanya kazi gani zaidi?"

"Kupakua, mwanangu. Kazi gani nyingine?"

Mtaalamu akampa upawa. Mama Upawa akachota hewa, upawa ukatoka na maharage ya moto, yenye kitunguu kilichoungua kidogo kama siku zote.

Foleni ilianza hapo hapo. Wanafunzi wa miaka yote aliyopika waliingia wodini na mabakuli yao, sare zimenyooshwa kwa kulaliwa chini ya godoro.

"Viroboto, nyuma!" alisema kiranja mmoja, akiwasukuma wa kidato cha kwanza.

Muuguzi aliwaomba wasiegemee ukuta, rangi haijakauka. Mzee wa kitanda cha tatu aliuliza kama wagonjwa nao wanaruhusiwa. Aliambiwa alete bakuli lake.

Viranja walikula siku mbili, upawa umejaa pomoni, kifundo kimetulia kama jiwe. Jumatano ikafika zamu ya kidato cha kwanza. Hapo kifundo kikapinda, upawa ukatikisika, na maharage yakarudi hewani yalikotoka. Kila mtoto alibaki na mchuzi na punje nne.

"Kimecheza!" alisema mtaalamu. "Tena, mama."

Mama Upawa aliinamisha macho. "Nusu upawa kwa wadogo, ilikuwa amri ya mwalimu mkuu. Alisema mtoto mdogo, tumbo dogo. Yaliyobaki yaliliwa na nguruwe wake."

"Nawakumbuka," alisema mtaalamu. "Tuliwapa majina ya walimu."

"Kumbe ulisoma pale?"

"Meza ya mwisho, karibu na mlango. Usiku tulihadithiana chakula mpaka tukasinzia. Sijawahi kucheka vile tena."

Alhamisi Mama Upawa aliamua kuwajazia wadogo. Mkono ulikwenda umenyooka, kifundo hakikucheza, na kwenye fomu mtaalamu akaandika sifuri. Watoto waliyatazama mabakuli yao kwa mashaka, wakadhani ni mtego.

Ijumaa, mtaalamu alivua koti jeupe, akachukua bakuli, akasimama mwisho wa foleni.

"Nikikujazia, wananivua kifaa," alisema Mama Upawa.

"Najua."

"Na nikikupunja?"

"Utapika tena. Nipunje tu, mama. Nimezoea."

Mama Upawa alichota upawa uliojaa. Akaushikilia muda mrefu, mvuke ukimpanda usoni. Kisha kifundo kikapinda vizuri sana, kuliko siku zote.

Mtaalamu alihesabu punje nne. Akazitafuna amesimama, kama zamani, akapangusa bakuli kwa kidole. Halafu akaandika kwenye fomu: "Maendeleo mazuri. Aendelee na kifaa."

Chini ya dirisha la wodi, nguruwe wa mwalimu mkuu walishafika, wanene, wanasubiri.