Maini ya Pembezoni

Jebet alikuwa ameahidi kumjibu Mike kabla hawajarudi Lodwar. Wazee wa kina Mike walishajipanga kwenda kumposa Jumamosi, na walichosubiri ni neno lake tu. Kwa hiyo katika safari hiyo ya kukagua kisima nje ya Kakuma, alikuwa akimkagua mwanamume huyo kama mtu anayechagua nyanya sokoni.

Mchana Mike alitangaza kwamba leo anapika yeye. Akatoa meko ya mtungi mdogo, akateleka kikaango cha chuma alichokisifu njia nzima, kizito ajabu na kipana mara tatu ya moto wenyewe. Akafungulia gesi hadi mwisho, akamwaga maini yote ya mbuzi kwa pamoja, kisha akashika simu yake.

Maini gani yale! Ya katikati yaliungua yakawa makaa, moshi ukawakereketa koo. Ya pembezoni yalilala hapo mabichi, yakivuja damu iliyochanganyika na mafuta ikatoa povu la kutapisha. Kati ya makaa na mabichi palikuwa na duara jembamba tu lililoiva. Jebet alimwambia apunguze moto, asubiri chuma kipate joto, akizungushe kidogo kidogo. Mike alicheka, akasema chuma kizuri hujisambazia moto chenyewe.

Kisha akapakua. Yaliyoiva aliyagawa sahani mbili, yake na ya Jebet. Yale mabichi, yanayoteleza, akamsukumia Esekon, dereva wao Mturkana, mtu wa umri wa baba yake.

"Huyu hata mbichi anakula," alimwambia Jebet, kana kwamba Esekon hayupo. "Watu wa huku wamezoea damu."

Esekon aliitazama sahani. "Hakuna shida, madam," akasema, akaanza kutafuta kipande chenye afadhali.

Jebet aliona kinyaa. Alimtazama Mike akitafuna, midomo ikimeremeta mafuta, akajua hawezi kula na mtu huyu mwezi mzima, sembuse maisha.

Akaichukua sahani ya Esekon na yake mwenyewe, akatupa yaliyoungua kikaangoni, akarudisha maini humo, akapunguza moto hadi ukawa mdogo kabisa. Alikizungusha kikaango taratibu hadi kila kipande kikaiva. Esekon akapakuliwa wa kwanza.

Mike naye akanyoosha sahani, akitabasamu.

"Waambie wazee wasije Jumamosi," Jebet akasema, akampakulia sawa na wengine.