Jua la Mkate

Pa, pa, pa. Kabla ya adhana ya alfajiri, kiganja cha Hajjat Wasila kilikuwa kikigonga ukingo wa chekecheo, unga ukishuka taratibu ndani ya karai. Kwa miaka ishirini na minane alikuwa ameamka hivyo katika hoteli ile ya pwani ya Bahari ya Shamu, tangu ilipokuwa na vyumba kumi na viwili na sinia moja la chakula. Wa jikoni, wa ufukweni na wa vyumbani walilizunguka sinia lile magoti kwa magoti. Aliyechelewa alifichiwa nyama yake chini ya mkate.

Sasa kampuni ilikuwa na hoteli saba. Kila idara ilikuwa na mkuu wake, na kila mkuu alivutia kamba upande wake. Wiki hiyo waligombea baraza la mashariki, lile linalopigwa na jua la asubuhi. Idara ya ufukwe ililitaka kwa vitanda vya wageni wanaoota jua. Jikoni walilitaka kwa mkate wa Wasila, ule wa kwao Qena, ambao hauumuki vizuri ila kwa jua la asubuhi.

"Ukikosa jua, Hajjat, itabidi niagize mkate mjini," Munir, mkuu wa jikoni, alikuwa amemwambia. "Nawe ukapumzike kwenu."

Aliyasema kwa upole, lakini Wasila alielewa kwamba kupumzika huko ni kuachishwa kazi.

Jua lilipochomoza alikuta baraza limejaa vitanda. Unga uliokwisha kukandwa haumngoji mkuu yeyote. Basi akapanga visahani vyake vya udongo, kila kimoja na donge lake, juu ya vitanda vyenyewe.

Rifai, mkuu wa ufukwe, akaja mbio, miwani ya jua kichwani.

"Hajjat, hivi ni vitanda vya watu."

"Watu wako bado wanakoroma. Hawa wangu wameamka."

"Nikikuachia leo, kesho Munir ataleta na masufuria."

"Munir hayupo. Tupo mimi na wewe. Ulipokuja hapa kutoka Sohag, mlinzi wa waogeleaji asiyejua kuogelea, ukashikwa na homa, ulilala wapi?"

Rifai akacheka kidogo, kisha akainamisha macho. "Karibu na tanuri lako."

"Siku tisa. Nani alikuuliza u wa idara gani?"

Madonge yalikuwa yameshaanza kufura, na wembe ulitetemeka mkononi mwa Wasila, kama ilivyokuwa siku hizi. Rifai akauchukua polepole, akapiga magoti, akaanza kuchanja kingo ili mkate uote masikio, zile ncha zake za pembeni. Wa kwanza ulipinda. Wa pili ukanyooka.

"Mkono haujasahau," Wasila alisema.

"Mkono una akili kuliko mwenyewe."

Rifai alipomaliza akawaita watu wake, akawaambia vitanda vya baraza vipangwe saa nne kila siku. Kabla ya hapo jua ni la mkate. Kwa wakubwa atajibu yeye.

Mkate wa kwanza kutoka tanurini aliumega amesimama, akauchovya katika asali nyeusi ya miwa. Wasila akamsogezea kigoda. Akaketi, magoti yao yakagusana.

Alipoinuka, Wasila akamfungia mwingine kwa kitambaa safi.

"Njoo tena, mwanangu," akamwambia, "hata siku usiyo na ugomvi."